Dresa Aliyewasomea Wagonjwa

Ukimwambia Dresa kwamba ukurasa wake haukukaa vizuri, alikushukuru, akakunja karatasi zake, akaondoka. Na kuanzia hapo hakukusalimia. Mlipopishana njiani aliangalia ziwa. Mlipokutana kanisani aliimba akiwa ameinua macho darini. Halafu siku moja, bila kueleza lolote, alitokea mlangoni kwako na karatasi ileile, imefutwa na kuandikwa upya, akasema, "Sikiliza tena." Hapo ulijua kununa kumekwisha na neno lako limefika.

Alikuwa mtu wa zahanati. Alifunga vidonda, alichoma sindano, aligawa vidonge vya malaria, na kwa kazi hiyo Nchelenge nzima, mji wetu wa kando ya ziwa, ilimwita Dresa, au Ba Dresa kwa heshima. Mimi na mume wangu tulikuwa na tanuri la udongo upande wa pili wa njia. Tulioka mikate, tukawauzia wagonjwa asubuhi na wavuvi mchana. Tulikuwa tumevuka ziwa kutoka upande wa Kongo mara baada ya kuoana, na Kibemba changu wakati ule kilitosha kuombea chumvi tu. Kiswahili ndicho tulichofanyia biashara, na Dresa alikisema bila shida, kwa kuwa wagonjwa wake walitoka pande zote mbili za maji.

Miaka ile ya hamsini, ofisi moja ya mjini ilikuwa inatafuta Waafrika wa kuandika vitabu kwa lugha zao. Habari hiyo ilimfikia Dresa, naye akaichukua kama mtu aliyeitwa kwa jina. Alianza hadithi ya Kibemba juu ya mwanamke wa ziwani anayefiwa na mume. Ndugu wa marehemu anakuja kumrithi, kama desturi ilivyotaka. Mwanamke anakataa, anachukua mtumbwi na nyavu za mume wake, anaanza kuvua mwenyewe. Hiyo ndiyo hadithi yote. Alikaa nayo miaka mingi hata hivyo, kwa sababu hakuwa mtu wa kuandika peke yake chumbani na kufunga mlango. Kila alichoandika alitaka kisikilizwe kwanza.

Wasikilizaji wake wa kwanza walikuwa wagonjwa. Alimsafisha mtu kidonda, akakifunga, akamwambia akae kidogo dawa ishike, kisha akatoa karatasi mfukoni mwa koti jeupe. Mume wangu alisema ndiyo maana Dresa aliwapenda zaidi wagonjwa wa miguu, maana wa mikono wangeweza kukimbia.

Nami alinipata kwa sababu nyingine. Alikuja kwenye tanuri letu wakati ninakanda unga, akawa anasoma na kugeuza kwa Kiswahili papo hapo. Siku moja nilimuuliza, "Ba Dresa, juu ya nini unanisomea mimi? Kibemba yangu iko nusu."

"Ndiyo maana," akasema. "Batu ba hapa banasikia Kibemba, banaongeza bao benyewe kile sikuandika. Weye hauwezi kuongeza kintu. Kama haiko kwenye karatasi, hauioni."

Hakuniuliza kama nimependa. Alitazama mikono yangu. Siku ile alifika sehemu ya dhoruba, mtumbwi unajaa maji, mtu anapiga kelele, nami ninakanda tu, huku nikiwaza kuni. Alisimama kusoma, akachora mstari pembeni kwa penseli.

"Nilisema nini?" nikamuuliza.

"Haukusema. Mikono haikusimama."

Ukimsifia alikasirika. Yule aliyevumilia kilio cha mtoto anayechomwa sindano, aliyemsubiri mzee avue viatu bila kumharakisha, hakuweza kuvumilia mtu amwambie kitabu chake ni kizuri. "Kizuri si jibu," alikuwa anasema. "Kizuri ni salamu. Niambie ulisinzia wapi." Watu waliosema kizuri hakuwarudia. Wale waliomuudhi ndio aliowarudia baada ya kununa, na baadhi yao, nadhani, walimuudhi makusudi ili wasikie kilichofuata.

Katika mambo mengine hakukubali kufundishwa na mtu. Aliendesha baiskeli vibaya sana, akiwa amekaa upande mmoja kama mtu aliyebeba gunia lisiloonekana, na aliyemshauri akae sawa aliambulia maneno makali. Alianguka mbele ya zahanati, akasimama, akapangusa koti, akalaumu mchanga. Alikuwa na uvumilivu wa aina moja tu, nao aliutumia wote kwenye kitabu.

Mume wangu alikuwa na ruhusa ambayo wengine hatukuwa nayo. Yeye alikuwa wa ukoo wa Samaki, Dresa wa ukoo wa Mamba, na koo hizo ni watani tangu zamani, pande zote mbili za ziwa. Mtani anaweza kukutukana msibani, ukacheka. Dresa aligundua faida yake mapema. Sura ambayo aliihofia mwenyewe, aliyojua ndani ya moyo kwamba imelala, aliileta kwa mume wangu.

"Kitoweo changu," alimwita hivyo, kwa sababu mamba hula samaki, "njoo usikie."

Mume wangu alisikiliza, kisha akajibu, "Mamba, huyu mwanamke wako anazungumza na jua, anazungumza na maji, anazungumza na kasia. Hana jirani? Batu ba Nchelenge banamuacha mutu aseme peke yake mchana kutwa?"

Dresa alicheka mpaka akakohoa. Hakununa, maana kumnunia mtani ni aibu. Wiki iliyofuata mwanamke wa hadithi alikuwa na jirani, mwanamke mwenye domo, mwuza muhogo, na tangu hapo watu wa zahanati walianza kuomba wasomewe sehemu za jirani.

Mke wa Dresa naye alikuwa na kipimo chake. Hakujua kusoma, na alisema hana la kusema juu ya vitabu. Basi Dresa alimsomea akiwa anapika bukari, ule ugali wa kwetu, na bukari ikiungua, alihesabu kwamba sura iko sawa, kwa sababu mpishi amesahau chungu. Tulimwona akivuka njia na sahani ya ukoko mweusi, anatuonyesha kwa furaha. Kisha ikaja sura moja iliyomtesa sana, ya mwanamke kwenda kwa mfalme kushtakiwa na shemeji. Aliiandika, akaifuta, akaiandika, akakonda. Siku aliyomsomea mke wake, bukari iliungua vibaya kuliko siku zote.

Miezi ilipita ndipo mama yule akaniambia, tukiwa tunachambua majani ya muhogo, "Ile siku niliiacha iungue makusudi. Nilimwonea huruma."

Sikujua kama nimwambie Dresa. Mwishowe mke alimwambia mwenyewe, katika ugomvi juu ya jambo jingine kabisa. Dresa akasema, "Nilijua. Sura ile haina uwezo wa kuunguza hata maji," na akaanza kucheka, na mke wake akacheka, na sura akaitupa. Ndiyo maana katika kitabu hakuna kesi kwa mfalme.

Katekista wetu alikuwa mtu wa ushauri mwingi. Hakutaka mwanamke amlaumu Mungu akiwa ziwani. "Mkristo hasemi hivyo," akamwambia Dresa baada ya misa, mbele ya watu. Dresa alimnunia kwa muda mrefu, na kwa kuwa katekista ndiye aliyeongoza nyimbo, ilibidi aangalie dari sana. Kisha alirudi kwake na ukurasa. Lawama ilikuwapo bado, lakini sasa mwanamke aliisema kwa sauti, na baada ya kuisema alinyamaza muda mrefu kama mtu anayesubiri kujibiwa. Katekista alisoma mara ya pili, akamrudishia. "Sasa naona anaomba," akasema. Dresa alituambia kwamba neno halikubadilika hata moja, ila ule ukimya tu, na kwamba hakujua kuwa ukimya unaweza kuandikwa mpaka katekista alipomkasirisha.

Lakini kulikuwa na msikilizaji mmoja ambaye Dresa alimwogopa kweli. Huyo alikuwa dada yake mkubwa, aliyeishi Mununga, mwendo wa mashua kutoka kwetu. Sisi wote tulijua, ingawa hakuna aliyesema wazi, kwamba mwanamke wa kitabu ni yeye. Mume wake ndiye aliyezama, shemeji yake ndiye aliyekuja na mkeka wake kukaa, na yeye ndiye aliyemrudisha na mkeka wake. Bado alikuwa na mtumbwi, ingawa sasa vijana wake ndio waliopiga kasia. Dresa alikuwa ameandika hadithi nzima bila kumsomea hata mstari. Kila mwaka alisema kwamba itakuwa baada ya mavuno, au baada ya mvua.

Mume wangu ndiye aliyemsukuma. Tulikuwa tunakwenda Mununga kununua samaki wa kukaushwa, naye akamwambia, "Mamba, panda. Kama unaogopa mwanamke, mimi nitakushika mkono."

Tulimkuta dada mtu chini ya kibanda chake, anapasua samaki wa makobo na kuwapanga juu ya chanja la moshi. Kufikia mwaka ule Kibemba nilikuwa nakisikia vizuri. Dresa alipiga magoti kumsalimu, akakaa, akasema amekuja kusoma. Yule mama alisema asome, lakini yeye ana samaki. Akasoma tangu asubuhi mpaka jua likawa juu ya vichwa. Kisu cha dada hakikusimama. Nilimwona Dresa akikitazama kile kisu kama alivyokuwa akitazama mikono yangu.

Alipomaliza, dada alinawa, akauliza, "Huyu mwanamke ni nani?"

"Ni wewe, yaya," akasema, kama kwao wanavyomwita dada mkubwa.

"Si mimi. Huyu hana njaa."

Dresa alianza kupekua karatasi.

"Umesema alipanda mtumbwi kwa sababu alikuwa jasiri," dada akaendelea. "Mimi niliogopa, mdogo wangu. Niliogopa mpaka nguo yangu ikalowa, na haikuwa maji ya ziwa. Nilipanda kwa kuwa watoto walikuwa wamelala na maji ya moto tumboni. Ungeniuliza, ningekuambia."

"Nitaandika hivyo."

"Andika. Na pale ninapomwosha mume wangu, patoe."

Sote tulishtuka. Ile ndiyo sura iliyoiliza zahanati nzima. Mwili umerudishwa na maji, mwanamke anauosha peke yake ufukweni, anauambia mambo. Katekista aliililia. Mimi, siku niliyosomewa, unga ulikauka mikononi.

"Yaya," Dresa akasema polepole, "hiyo ndiyo inayobeba kitabu."

"Itakubidi ukibebe wewe. Yale nilikuambia kwa sababu wewe ni mwana wa mama yangu. Sikuwaambia watu wa vidonda."

Nilidhani atabishana. Alikuwa amebishana na watu kwa nukta na koma. Badala yake alitafuta zile karatasi kati ya nyingine, akazitoa, akampa dada yake kwa mikono miwili. Hazikuwa na nakala. Dada hakujua kusoma. Alizitazama upande mmoja, akazigeuza, kisha akainama na kuziweka kwenye moto uliokuwa chini ya chanja. Hakuwa na hasira usoni. Alichochea kuni, samaki wakaendelea kukauka, akatupikia chakula cha mchana, tukala.

Katika mashua ya kurudi mume wangu hakumtania hata kidogo. Dresa alikaa mbele, anaangalia maji, lakini safari hii hakuwa amenuna. Tulipokaribia Nchelenge aligeuka, akasema, "Miaka yote nimewauliza watu kama wamesinzia. Sikumuuliza mwenye jambo kama nimesema kweli."

Alianza upya. Mwanamke wa kitabu akawa mwoga, akawa na njaa, akawa na watoto wanaokohoa. Aliponisomea pale anapousukuma mtumbwi majini, nilisahau mikate tanurini, na mume wangu ndiye aliyepiga kelele kwa sababu ya moshi. Dresa alilipa fidia kwa kununua mikate yote iliyoungua, akawagawia wagonjwa, akiwaambia kwamba ni mikate ya sifa.

Kitabu kilipokwenda mjini, jibu lilichelewa, kisha likaja likiwa refu. Ofisi ilikipenda. Ilitaka kipunguzwe. Jirani mwenye domo azungumze robo tu ya alivyozungumza, na majina mawili yaliyofanana yabadilishwe. Yote hayo Dresa aliyafanya bila kununa, pengine kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumnunia karibu. Alisema hata kwamba wana akili. Lakini mwishoni waliuliza: maiti imefika ufukweni, halafu ghafla ni wiki nyingine, mazishi yako wapi? Msomaji atadhani kurasa zimepotea. Tafadhali aandike sura hiyo.

Akaja kwetu na jibu hilo mkononi.

"Andika maiti yoyote," mume wangu akamwambia. "Wa mjini hawamjui marehemu."

Alijaribu. Aliandika mazishi ya kubuni, yenye wimbo na mvua, akanisomea. Nilikanda unga mwanzo mpaka mwisho. Alizikunja karatasi.

"Na hata kama mikono yako ingesimama," akasema, "yaya angejua."

Alikuwa ameota kitabu hicho tangu nimfahamu. Alikuwa amemwahidi mke wake, amewaahidi wagonjwa, na wengine kati yao walikuwa wamekufa bila kukiona. Nilimwambia afikirie. Alifikiria karibu mwezi mzima, akatembea na baiskeli yake mkononi badala ya kuipanda. Kisha aliijibu ofisi kwamba mahali pale ameongeza sentensi moja, na kama haitoshi, basi wamrudishie kitabu, wasigombane. Sentensi yenyewe ilisema: *Aliyoyafanya kwa mwili wa mume wake anayajua yeye.*

Tulisubiri. Mvua zilikuja zikaenda. Siku mzigo ulipofika kwa gari la boma, Dresa alikuwa anafunga mguu wa mtu, na alimaliza kuufunga kabla ya kunawa na kufungua mzigo. Vitabu vilikuwa vyembamba, vya jalada la kijani, na sentensi ile ilikuwa peke yake katika mstari wake, na nafasi nyeupe juu na chini. Cha kwanza alikipeleka Mununga. Aliporudi nilimuuliza dada yake alisema nini. Akasema dada alitaka asomewe sentensi ile, akasomewa, akataka tena. Halafu akamwuliza mdogo wake kama amekula.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia, miaka ya sitini ilikuwa inakwisha. Dresa alikuwa amestaafu, ndevu zimekuwa nyeupe, na tulikutana katika mashua ya injini iendayo Puta. Mimi nilikwenda kumwona mwanangu aliyejifungua huko, yeye alikwenda kutembea tu. Mbele yetu alikaa mchuuzi wa samaki, mtu mnene mwenye kofia ya majani, ambaye sikuwa nimemwona kabla. Alikuwa analalamika kwa Kiswahili cha sokoni kwa kila mtu aliyekuwa karibu, na ilichukua muda kidogo nielewe kwamba analalamikia kitabu.

"Binti yangu anasoma kwa sauti nyumbani," akasema. "Kitabu ya kijani. Iko na mwanamuke moja, bwana yake anakufa, shemeji anakuja kumurithi. Ule mwenye kuandika hajui maisha. Shemeji anamufanya kama fisi. Shemeji hakuwa mubaya, alifuata desturi."

Nilimtazama Dresa. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama alivyofanya zamani.

"Weye unajuaje hakuwa mubaya?" akauliza.

"Mimi mwenyewe nilimurithi bibi ya kaka yangu. Nililea batoto bake kama bangu. Sasa tangu ile kitabu iingie nyumbani, ule bibi ananiuliza kila siku. Anapika, anauliza. Anafua, anauliza. 'Weye, uliniuliza kama nataka?'"

"Unamujibu nini?"

Mchuuzi alivua kofia, akaitazama ndani. "Bado sijajibu." Kisha akaongeza kwa uchungu, "Shemeji angepewa nafasi ya kusema. Ukurasa moja tu."

"Kweli," Dresa akasema. "Hakupewa hata moja. Hilo ni kosa la mwandishi."

Nilitaka kumwambia yule bwana anaongea na nani. Dresa alinigusa mkono, nikaacha. Akamwuliza mchuuzi shemeji angesema nini, kama angepewa huo ukurasa. Yule mtu aliwaza. Alianza kusema, akaacha, akaanza tena: kwamba aliogopa watoto wa kaka yake wasitawanyike, kwamba hakujua mtu huuliza vipi jambo kama lile, kwamba hakuna aliyewahi kumfundisha. Dresa alisikiliza bila kumkatiza mpaka tukaanza kuona nyumba za Puta.

Mashua iligonga mchanga. Ufukweni alisimama mwanamke mrefu na kikapu, akimsubiri mchuuzi. Yule bwana alishuka, maji yakamfika magotini, akampokea kikapu kabla ya kusalimiana, kisha akasimama naye palepale majini na kumwambia neno. Injini ilikuwa bado inanguruma, hatukusikia. Mwanamke akaweka mkono kiunoni, akajibu kitu kirefu, na mume wake akawa anatikisa kichwa kukubali, kofia mkononi.

Mwenye mashua alituita tushuke, wengine wanataka kupanda. Mimi nilishuka. Dresa alibaki ameketi, mikono juu ya magoti, anawatazama wale wawili, na ilibidi aitwe tena na tena.